Shada Moja kwa Wapigangoma Tisa

"Umeniua, Purna Keshari! Umeniua mchana kweupe, na shada umeninunulia!"

"Nani kakuua, mzee? Ungekuwa umekufa mtaa huu ungekuwa kimya."

Wanawake waliokuwa bombani waliacha ndoo zifurike. Hilo ndilo jambo zuri la mtaa ule wa mji wa Bhaktapur: nyumba za matofali zimebanana hivi kwamba ukipiga chafya, jirani wa tatu anakuombea afya. Ugomvi ukizuka, hakuna anayehitaji kualikwa.

Mzee Tulsi Bhakta alisimama nje ya kizingiti, ncha za viatu vyake zikikaribia jiwe la mlango bila kuligusa, fimbo juu. Ndani, mikono kiunoni, gundi imemkaukia vidoleni, alisimama Purna Keshari. Nyuma yake, katika chumba cha chini ambamo marehemu mumewe alikuwa akiweka majembe, ukuta mzima ulijaa picha za zamani za mtaa: maharusi walionuna, tetemeko la ardhi, fahali aliyeingia dukani. Kitabu kikuukuu cha chama cha ngoma kililazwa ndani ya sanduku la kioo kama mgonjwa. Maonyesho yalikuwa yafunguliwe saa nane mchana, na mbuzi wa karamu alishaingia chunguni.

Katikati ya ukuta ilining'inia picha ya wapigangoma tisa. Juu yake, shada la maua ya manjano. Na picha ikivishwa shada, kila mtu anajua aliyemo ni marehemu.

"Kwenye picha hiyo tuko tisa," mzee aliwaambia watu wa bombani. "Wanane wametangulia. Mimi huyu hapa, asubuhi nimekunywa chai vikombe viwili!"

"Vitatu," alisema Chandra Maya, ambaye dirisha lake linatazamana na la mzee.

"Sasa mimi nifanyeje?" Purna alilia. "Nisipotia shada, wajane wa wale wanane watanila nyama. Nikate shada, nikupunguzie fungu lako? Nililibana kwa pini, mzee wangu, uso wako ukabaki nje kabisa! Pini imechomoka."

"Pini! Mmesikia? Uhai wangu umeshikwa na pini!"

Purna alikuwa akijibu kwa ukali, lakini alikuwa na hofu. Hakuiogopa fimbo. Alikihofia kile kilichokuwa juu ya meza: kaseti ya marehemu mumewe, yenye ngoma inayopigwa siku ya sikukuu, mtaa unapovuta kwa kamba gari la mungu, lile la mbao lenye sanamu yake. Redio iliutafuna utepe katikati. Mapigo yale hayakuwahi kuandikwa, hata ndani ya kile kitabu cha kwenye sanduku la kioo; wapigaji walifundishana kwa mdomo, kila pigo na jina lake. Nusu ya mwisho ilikuwa imebaki ndani ya kichwa kimoja tu duniani, nacho ndicho hiki kilichokuwa kikimfokea.

Na kichwa hicho kilikuwa kimeapa. Miaka kumi na mmoja iliyopita, chama cha ngoma kilikula karamu katika nyumba hii. Kichwa cha mbuzi kikagawanywa kwa umri, na jicho la kulia, ambalo ni haki ya mkubwa wa wote, akapewa mume wa Purna. Tulsi Bhakta alisimama akasema yeye ni mkubwa kwa siku nne. Hakuna aliyemsikiliza. Akaapa mguu wake hautavuka kizingiti hicho tena, na kweli haukuvuka. Hata siku ya msiba wa mwenye jicho alitoa pole akiwa barabarani, kwa sauti ya kutangaza mnada.

Mara kilio kikasikika kutoka kona ya mtaa.

"Baba mdogo! Baba mdogo wangu weee!"

Alikuwa Saroj, mtoto wa marehemu kaka yake Tulsi Bhakta, anayeishi mji wa jirani wa Banepa. Amevaa nguo nyeupe za msiba, miguu mitupu, kichwa kimenyolewa kikang'aa kama sufuria mpya. Alipomwona mzee, kilio kilikatika katikati.

"Mbona umesimama?"

"Ulitaka nilale?"

"Nimepigiwa simu! Nimeambiwa picha yako imevishwa shada!"

Macho yote yakamgeukia Chandra Maya. "Mimi nilisema nimeliona shada tu," alijitetea. "Sikusema amekufa. Nililia kidogo, basi."

"Simu imenikuta kwenye kiti cha kinyozi," Saroj alisema, akikipapasa kichwa. "Nikamwambia, basi toa zote! Na tangu asubuhi sijaonja chumvi, kama mfiwa. Nywele zangu nani atanirudishia?"

"Umeninyolea nywele haraka hivyo?" mzee aliguswa kidogo. "Mtoto mzuri wewe. Kichwa chako lakini kibaya."

Watu walipasuka kicheko, na Purna akaona nafasi. Akabonyeza kitufe cha redio.

Ngoma ikanguruma ndani ya chumba. Kidole cha mzee kikaanza kugonga fimbo, kisha goti likafuata, kisha kidevu. Ngoma ikapanda, ikapanda, ikafika pale inapotaka kugeuka, halafu *krrrk*. Kimya.

Mpigangoma hawezi kuachwa pale. Ni kama kuachwa na chafya puani. Mzee alijizuia hadi mishipa ya shingo ikamtoka, kisha mdomo ukamfunguka wenyewe:

"Dhin-ta-khat, dhin-ta, ghin-ghin..."

Purna alichomoa simu, akatoka nje, akaanza kurekodi. Pikipiki ya kwanza ikapita ikipiga honi. Ya pili ikafuata na magunia ya vitunguu, mwenyewe akiuliza kwa kelele nani amekufa. Mbwa wakambwekea. Katika simu hakukusikika ngoma hata punje.

"Ingia ndani, mzee," Purna alisema, na safari hii sauti yake haikuwa ya ugomvi. "Huku barabarani inapotea. Ikipotea leo, mtaa utavuta gari la mungu kwa nusu ngoma mpaka mwisho wa dunia."

"Nimeapa."

"Nani ameapa?" Wazo lilimjia Purna akiwa ameshaanza kulisema. "Mwezi uliopita ulitimiza miaka sabini na saba, miezi saba na siku saba. Tulikupandisha kwenye kigari, wajukuu wakakuvuta mtaa mzima, tukasema umezaliwa upya. Mimi mwenyewe nilikurushia mchele. Aliyeapa ni yule wa zamani. Wewe una mwezi mmoja na siku tano!"

Mzee alielekeza fimbo kwenye picha.

"Na shada je?"

"La yule wa zamani. Lake halali."

"Ngoja kwanza," alisema mzee, macho ameyabana kwa ujanja. "Yule wa zamani alinyimwa jicho lake. Mimi ndiye mrithi wake. Nikipewa haki yake, nitapiga ngoma yote, mwanzo hadi mwisho, mara mbili. Nikinyimwa, nakwenda nayo nyumbani."

"Na nywele zangu?" aliuliza Saroj.

"Zitaota!" mtaa mzima ulimjibu.

Purna aliingia ndani mbiombio, akafunua chungu, akarudi na kisahani mkononi. Juu ya mchele uliopondwa, kando ya chila za choroko, jicho la mbuzi lilikuwa likimtazama mzee moja kwa moja.

"La kulia," Purna alisema. "Tangu asubuhi nimelificha chini ya kifuniko, nikiomba upite hapa kwa sababu yoyote ile. Ingia, mtoto wangu, ule. Na wewe Saroj, pita, chumvi ipo."