Gunia Moja, Hali Nzuri

Kila siku saa moja na nusu asubuhi karani wa boti alifungua dirisha la kaunta, akapangusa vumbi kwa kiganja, akaweka mbele yake vitabu viwili. Cha kijani kilikuwa cha abiria, cha kahawia kilikuwa cha mizigo. Boti ilikuwa na kibali cha kubeba watu mia moja na arobaini, na kitabu cha kijani kilichapishwa kikiwa na mistari mia moja na arobaini kwa kila safari, hakuna kupungua wala kuzidi. Mstari wa mwisho ulipojaa, karani alikifunga cha kijani, akakivuta cha kahawia, na foleni ikaendelea.

Kitabu cha mizigo hakikuwa na mwisho. Mtu wa mia moja na arobaini na moja aliandikwa gunia. Mwanamume alikuwa gunia la saruji, mwanamke alikuwa gunia la vitunguu, na mtoto alikuwa furushi la nguo. Wazee waliandikwa magodoro, kwa sababu karani aliona si adabu kumwandika mzee wa watu saruji. Kila mmoja alipewa namba yake, akapanda, akatafuta pa kuegemea.

Watu wa kisiwa walikwisha kuzoea, tena walifanya utani. Walipokutana ng'ambo waliulizana, "Leo umekuja nani?" na mtu akajibu, "Kitunguu, ndugu yangu. Nilichelewa kuamka." Ukikisimulia kisa hiki leo, hapo ndipo panapouma zaidi, kwamba walicheka, na vicheko vyenyewe vilitoka moyoni.

Nyuma ya soko, katika vyumba viwili, aliishi mama mmoja, fundi cherehani, na binti yake wa pekee. Binti alikuwa amemaliza masomo ya uuguzi, na Alhamisi ile alikuwa anakwenda kisiwa kikubwa kuchukua cheti chake. Alipofika mlangoni mama yake aliona pindo la sketi limefumuka upande mmoja. Akamrudisha, akamwambia avue, akalipitisha kwenye cherehani. Kazi ya dakika kumi. Walipofika gatini kitabu cha kijani kilikuwa kimefungwa, na binti akaandikwa vitunguu, gunia namba kumi na saba. Mama yake alimsindikiza mpaka kwenye ngazi ya boti, akamwambia asisahau kula.

Boti ililala ubavu katikati ya mkondo, bahari ikiwa shwari, na ikazama.

Jioni kampuni ilitoa taarifa redioni. Boti ilikuwa na abiria mia moja na arobaini, waliookolewa ni themanini na watatu, waliopoteza maisha ni hamsini na saba. Shehena yote imepotea. Kampuni ilitoa pole kwa wafiwa na kwa wenye shehena.

Fundi alikwenda ofisini kesho yake. Meneja alimpa kiti, akapitisha kidole kwenye kitabu cha kijani kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, akatikisa kichwa.

"Binti yako hakusafiri, mama."

"Nimempandisha mwenyewe, kwa mkono wangu huu."

"Kitabu kinasema hakusafiri. Mabinti wa siku hizi unawajua. Vuta subira, utasikia simu, yuko kwa kijana fulani huko."

Alikwenda polisi, akaambiwa suala ni la kampuni. Kampuni ikamwambia suala ni la ofisi ya wilaya. Ofisi ya wilaya ikamwambia alete nakala ya kitabu cha abiria yenye jina la marehemu. Walimpiga danadana wiki tatu, kiguu na njia, na cherehani yake ikashika vumbi. Wakati huohuo iliundwa tume. Ilikaa siku tatu, ikasifu mpangilio mzuri wa vitabu, ikaondoka.

Jumatatu ya wiki ya nne, maji yakiwa yamejaa, magunia yalianza kurudi.

Yalipanda ngazi za gati yenyewe, moja moja, kwa kufuata namba, yakakaa mbele ya mlango wa stoo ya mizigo yakichuruzika maji ya chumvi. Mwanzoni yalikuja matano kwa siku, baadaye ishirini. Wachukuzi waliyaingiza ndani kwa mabega, kama walivyoingiza mizigo siku zote. Mkuu wao, mtu aliyebeba magunia miaka ishirini na miwili, alilitua moja karibu na meza ya karani.

"Hili linapumua," alisema.

"Nitaandika lina unyevu."

"Na hii siyo saruji. Saruji haikushiki shingo ukiibeba."

"Kitabu kinasema saruji," karani alijibu, akaandika.

Ilipofika Ijumaa magunia yalikuwa sitini na manne, mafurushi yakiwa kwenye rafu ya juu ili yasikanyagwe. Tangazo lilibandikwa: wenye mizigo waje na vitambulisho. Fomu ilikuwa fupi. Ilisema, "Nimepokea gunia la," pakaachwa nafasi, "likiwa katika hali nzuri, na sina dai lolote juu ya kampuni." Chini yake palikuwa na mahali pa saini.

Wa kwanza kusaini alikuwa mke wa fundi bomba, aliyempoteza mdogo wake. Alilisikia gunia likikohoa kikohozi anachokijua, akasaini haraka bila kusoma, akalipakia kwenye mkokoteni. Nyumbani alifungua kamba, vikamwagika vitunguu. Vilikuwa vyekundu, vikavu, vikubwa kama ngumi. Alirudi navyo stoo, akavimwaga juu ya meza. Karani hakubisha wala hakukasirika. Alimwonyesha saini yake.

Kufikia saa sita mchana kila mtu alikuwa ameelewa utaratibu. Kabla ya saini, aliyemo ni mtu wako. Baada ya saini, kilichomo ni kile ulichokubali kwamba kimo. Watu wakaacha kusaini. Walikuja kutwa, wakakaa stoo kando ya magunia yao, wakazungumza nayo kwa sauti ya chini, na saa kumi na moja mlinzi alipotikisa funguo waliaga wakaondoka.

Fundi alilipata la kumi na saba kwenye kona ya kushoto, chini ya dirisha. Aliweka mkono juu yake. Lilikuwa na joto la mtu aliyetoka usingizini.

"Mama, ni wewe?"

"Ni mimi, mwanangu."

"Umekula?"

Fundi alisema amekula. Alikuwa hajala tangu jana yake. Alikaa chini, akaegemeza mgongo kwenye gunia, na binti akamweleza mambo yalivyokuwa, bila kulalamika, kama muuguzi anayekabidhi zamu.

"Boti ilipolala walifungua kabati la majaketi ya kuokolea. Baharia mmoja alishika nakala ya kitabu cha kijani, akaanza kusoma majina. Aliyesomwa alipewa jaketi. Nikamwambia mimi nimo kwenye kile kingine. Akasema nakala ya cha mizigo iko chini, hakuna muda wa kushuka kuifuata."

"Majaketi yalikuwa yamekwisha?"

"Yalibaki, mama. Wengine waliosomwa hawakuitika, walikwisha kuingia majini. Majaketi yao aliyaweka pembeni, akawa anawasubiri."

Fundi hakulia. Kuanzia saa ile hakuzungumza na mtu wa kampuni bila kuimeza hasira yake kwanza. Alirudi nyumbani, akachukua sindano kubwa na uzi mwekundu, akarudi stoo, akalitarizi gunia kwa herufi zinazosomeka toka mlangoni: jina la binti, jina la baba yake, jina la babu yake. Kisha akaenda mezani.

"Nimekuja kumchukua mtu wangu. Jina lake ni lile pale."

Karani alinyanyuka akalisoma. Alirudi, akakaa, akafungua kanuni za mizigo, kwa sababu hakuwa mtu wa kufanya kitu kwa kichwa chake.

"Umejifungia mlango mwenyewe, mama. Gunia lisilo na jina tunampa anayelidai. Lenye jina anapewa mwenye jina. Hii ni kanuni ya zamani, ya kuzuia wizi."

"Mwenye jina ndiye aliyemo ndani."

"Basi asaini yeye."

Alilisema hilo kwa uso mkavu, na lazima isemwe kwamba hakuwa anamkejeli. Kulikuwa na watu wa kulaaniwa gatini pale, na yeye alikuwa mmoja wao, lakini kejeli hakuwa nayo. Meneja aliitwa, akasoma kanuni, akakubali kwamba mwenye mzigo akisaini mwenyewe kampuni haitakuwa na kipingamizi. Wachukuzi wawili walilibeba gunia wakalisimamisha mezani. Fundi alitoa wembe, akafumua mshono wa ubavuni, mpana kiasi cha kupita mkono.

Mkono ukatoka. Ulikuwa wa kulia, ngozi imekunjamana kwa maji, kucha zimekatwa fupi kama wanavyofundishwa wauguzi. Karani aliusogezea fomu na kalamu. Mkono ulipapasa fomu, ukaisukuma kando. Ukatambaa juu ya meza mpaka kwenye kitabu cha kijani, ambacho karani alikuwa nacho pale kwa ajili ya kulinganisha, ukafunua kurasa mpaka Alhamisi ile, ukashuka mstari kwa mstari hadi wa mia moja na arobaini. Chini yake hapakuwa na mstari. Mkono ukaupiga wenyewe, umenyooka, ukaandika 141, na mbele yake majina matatu.

Meneja alisema, "Futa."

"Cha kijani hakifutwi," karani alisema. "Kikishaandikwa kwa wino, kimeandikwa." Karani hakuwahi kuvunja kanuni hata moja maishani mwake, ndiyo maana watu walikufa kwa mpangilio mzuri namna ile.

Gunia likalegea. Fundi alilipasua lote, akamtoa binti yake akiwa na sketi yake na viatu vyake. Hakuwa anazungumza tena, maana sasa alikuwa abiria aliyefariki, na abiria waliofariki hawazungumzi. Mkuu wa wachukuzi alimbeba mpaka nyumbani, akakataa kusaidiwa. Walimzika siku ileile, na fundi akalala usingizi kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile.

Stoo ikajaa matumaini. Kila mwenye gunia alikwenda kununua uzi. Mikono ya kuandika ilikuwa mingi, na ilikubaliwa waanze kwa namba, saruji namba moja, kisha namba mbili, karani akaandaa kalamu za akiba.

Tume ilirudi kabla hawajaanza. Safari hii haikuhitaji hata siku tatu. Jumatano alasiri tarishi alimletea fundi barua yenye mihuri miwili, na nakala yake ikabandikwa kwenye ubao wa gatini, mahali ambapo kila msafiri hupita.

Barua ilisema kwamba chanzo cha ajali kimepatikana. Boti ilikuwa na kibali cha watu mia moja na arobaini. Kitabu cha abiria, ambacho usahihi wake haujawahi kutiliwa shaka, kinaonyesha kwamba siku ya ajali walisafiri mia moja na arobaini na mmoja. Boti ilizidiwa na abiria mmoja. Abiria huyo ametambulika kwa mwandiko wake mwenyewe. Kampuni haina kosa, nahodha arudishwe kazini, na familia ya mhusika inatakiwa kuwaomba radhi jamaa wa marehemu hamsini na saba. Jina la binti lilikuwa limepigwa chapa mara nne, limekolezwa wino, herufi zote sahihi. Barua ya serikali yenye jina lake bila kosa ilikuwa ni hiyo moja tu.

Asubuhi iliyofuata fundi aliipeleka stoo ili awasomee wenzake, wajue wanachezewa. Walikwisha kuisoma. Walikuwa kwenye foleni mbele ya meza, na nyuzi zao walikuwa wamezirudisha mifukoni. Wengine hawakuitikia salamu yake. Mbele kabisa alisimama seremala mwenye mvi, baba wa saruji namba moja.

"Kaka, usisaini," fundi alimwambia. "Mwanao atageuka mawe. Ngoja tukatae wote. Wakiandikwa wote waliobaki, nani atasema alizidi mmoja?"

"Dada yangu, na wa kwanza kuandikwa awe nani?" Seremala hakumtazama. "Mimi nina wengine watatu nyumbani. Wanatafuta kazi, wanatafuta wachumba, kwa jina hilohilo. Wewe ulikuwa na mmoja."

Aliinamia fomu. Ndani ya gunia kijana alianza kusema, "Baba, ngoja kidogo," na kalamu ikamaliza saini, na gunia likatua sakafuni kwa kishindo cha kilo hamsini. Seremala alijaribu kulinyanyua peke yake, akashindwa, wachukuzi wakamsaidia.

Fundi alisimama mlangoni na barua yake mkononi. Alimwambia kila aliyeingia asisaini. Aliwaambia kwa upole, akawaambia kwa matusi, akawashika mikono, akawaita kwa majina ya watoto wao, mpaka sauti ikamkauka na akabaki kutingisha kichwa. Walipita wakiangalia chini. Saa kumi na moja stoo ilikuwa tupu, na sokoni bei ya vitunguu ilikuwa imeshuka.