Springi za Yaya Mwenze

Jumamosi moja ya Machi mwaka 1996, katika ua wa nyuma ya duka la mitumba huko Saint-Josse, Ubelgiji, Aristote fundi alizilaza springi mbili za Peugeot juu ya gazeti, akazilinganisha na zile za Opel ya Numbi alizokuwa amezitoa asubuhi. Za Opel zilikuwa zimechoka. Za Peugeot zilikuwa ndefu na nene zaidi, tena zilikuwa za marehemu.

"Papa Numbi, ressort ya Peugeot mu Opel? Ni kama kuvalisha mutoto suruali ya babu yake."

"Donc, kata miguu ya suruali."

Aristote akakata mzunguko mmoja wa kila springi, akazifunga nyuma, akashusha jeki. Opel ikasimama wima kama mtu aliyesingiziwa.

Marehemu alikuwa Mwenze, kaka mkubwa wa Numbi, yaya wake kama wasemavyo kwao. Injini ya Peugeot yake ilikufa kabla yake, na tangu hapo alimtegemea mdogo wake ampeleke hospitali kila Jumanne kwa ajili ya figo. Alimpigia simu katika baa ya mtaa wa Matonge alikozoea kushinda, na kila mara Numbi alijibu, "Niko nakuya, yaya."

Kwao Likasi maneno hayo, yaani nakuja, husemwa kwa nia njema. Maana yake ni kwamba msemaji hajakataa. Anayeyasema huenda hata viatu hajavaa, na anayeyasikia hujiketia akaendelea na shughuli zake. Lakini Mwenze alikuwa amekaa Ubelgiji miaka mingi mno, akaanza kuyaelewa kama Wabelgiji: alivaa koti, akashuka barabarani. Jumanne moja ya Januari alikutwa ameegemea mlango wa jengo lake hukohuko Saint-Josse, vifungo vyote vimefungwa, roho imeshamtoka. Matangani ilisemwa kwamba Mungu ndiye aliyemwita. Simu haikutajwa. Antoinette, mjane wake, akamwachia shemeji yake zile springi, kwa kuwa Opel ilikuwa ikiburura tumbo.

Jumanne ya kwanza baada ya kazi ya Aristote, Numbi alisimamishwa na taa nyekundu mbele ya mlango ule. Upande wa nyuma kulia ukadidimia taratibu, jinsi gari linavyodidimia anapoingia mtu mnene mwenye magoti mabovu. Kiti kilikuwa kitupu. Taa ilipowaka kijani, Numbi hakukata kona ya kwenda Matonge. Alinyoosha hadi hospitali. Langoni, gari likainuka.

Jumanne iliyofuata alipita kwa Aristote, naye akapima kwa rula.

"Iko na muntu ndani," akasema. "Ongeza upepo kidogo mu pneu ya kuume."

Siku ya ukaguzi wa magari, ambayo nayo ilikuwa Jumanne, mkaguzi alimwomba Numbi amteremshe abiria wake. Numbi akafungua mlango wa nyuma, akangoja kwa adabu. Gari likainuka. Mkaguzi akaandika kwamba springi ni imara.

Basi ikawa desturi. Kila Jumanne Numbi alimpeleka kaka yake hospitali, na hakuchelewa hata mara moja. Njiani alijieleza. "Yaya, siku ile kulikuwa embouteillage, magari yamefunga njia yote," alisema, na juma jingine, "Yaya, siku ile batterie ilikuwa imekufa." Alichokitamani ni kitu kimoja tu, kusamehewa, na alikuwa radhi kusamehewa kwa sababu yoyote ile isipokuwa ya kweli. Nyuma yake uzito ulibaki palepale, haukupungua wala kuongezeka.

Novemba, miguu ya Antoinette ilivimba. Alipewa siku ya kuonana na daktari katika hospitali ileile, Alhamisi. Akapiga simu baa.

"Shemeji, nishavaa koti. Nashuka chini."

"Niko nakuya, maman."

Numbi akaweka simu, akarudi kwenye mchezo wake wa drafti, aliokuwa karibu kuushinda. Nje mvua ilikuwa ikinyesha. Kupitia dirishani aliiona Opel, iliyoegeshwa ng'ambo ya barabara, ikididimia taratibu upande wa nyuma kulia. Haikuwa Jumanne, na kutoka Saint-Josse hadi pale ni mwendo mrefu kwa mtu mwenye magoti kama yale.

Numbi alitazama kwa muda. Akamwonea kaka yake huruma.

"Niko nakuya, yaya," akasema, akasogeza kete.