Ufizi wa Rubeni

Mokami alimwacha mwanawe Rubeni akiwa na miezi minne ili arudi chuoni, na kabla hajamwacha aliwaapisha watu wawili. Wa kwanza mama yake mzazi, Tabitha, ambaye angekaa na mtoto hapo kijijini Nyambureti. Wa pili mumewe Vincent, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Kigoma aliyeletwa na serikali akaoa hapohapo. Kiapo chenyewe kilikuwa chepesi: mtoto akiharisha, apelekwe zahanati, akipata homa, apelekwe zahanati, ila mtu yeyote asiguse ufizi wake.

Maana kule kuna jambo lao. Mtoto akichemka na kuharisha, wanampanua mdomo, wakiona ufizi umevimba na kupauka, basi, mchawi kapatikana: meno ya plastiki! Anatafutwa mama mmoja ng'ambo ya mto mwenye spoku ya baiskeli iliyonolewa, anachokoa ufizi, anatoa vitu vyeupe laini na kuwaonyesha kiganjani. Plastiki gani? Ni mbegu za meno ya mtoto mwenyewe, chonge zake ambazo hazijaota. Wengine huvuja damu mpaka kufa. Mdogo wake Mokami alikufa hivyo, naye Mokami akiwa na miaka tisa, amesimama mlangoni anaangalia. Ndicho kilichompeleka chuo kikuu Dar es Salaam kusomea shahada ya udaktari wa meno. Hakwenda kutafuta koti jeupe la kupigia picha.

Alipofika mwaka wa tatu wa masomo akarudi kwa mafunzo ya vitendo katika hospitali moja pale Mugumu. Nyumbani aliwaambia atafika Jumamosi. Kumbe Alhamisi gari la chanjo lilikuwa linakwenda Nyambureti, na muuguzi mmoja, Christina, akamwambia apande akawafundishe kina mama wa kwao. Mokami akapanda na furaha yake yote. Miezi mitano hajamshika mwanawe!

Kufika zahanati, nani yuko kwenye foleni ya mizani? Tabitha, na Rubeni mgongoni. Mokami akaruka kabla gari halijasimama vizuri.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba. Si ulisema Jumamosi?"

Ndiyo salamu aliyopewa. Mwingine angeshtuka hapo. Mokami hakushtuka, alikuwa anambusu mtoto mashavu, na mtoto anamshangaa kama mpita njia.

Ulipofika wakati wa somo alifundisha vizuri, wala simdanganyi mtu. Alichanganya Kikurya na Kiswahili ili hata bibi wa mwisho pale aelewe. Akaonyesha picha, akajibu maswali. Kisha, jamani, majivuno haya! Akampakata Rubeni mbele ya wote.

"Msidhani nawasema nyie tu. Huyu wa kwangu. Ana miezi tisa, ameumwa homa, ameharisha, na hakuna aliyemgusa. Njooni muone ufizi wa mtoto ambaye hajachokolewa."

Hakuna aliyesogea. Wanawake walikuwa wanaangalia kanga zao. Mokami akavaa glovu, na Rubeni alipoiona ile mikono ikimjia usoni akapiga ukelele, akajirusha nyuma. Kile kilio chenyewe ndicho kilichompanua mdomo. Chini, kushoto na kulia, pale chonge zinapokaa kusubiri zamu yao, palikuwa na vishimo viwili vimefungwa na kovu jeupe. Makovu kama hayo Mokami aliyaona darasani kwenye picha nyingi, na mtihani wake alipata alama zote.

"Mama," akasema. "Hiki nini?"

Tabitha akageukia mizani.

Aliyeshindwa kuvumilia ni Ghati, mwanamke aliyesoma na Mokami shule ya msingi. "Mganga hajigangi, wewe! Unatuhubiria nini? Sisi tulikuwa tunaogopa, maneno yako tulikuwa tunayakumbuka. Tulipomwona mwalimu Vincent kampakia wa kwake kwenye pikipiki mchana kweupe kwenda ng'ambo, tukasema basi, mke wake ni daktari wa meno, lazima ameruhusu. Mwezi ule tulipeleka watoto saba. Wa kwangu huyu hapa."

Somo likafia hapo. Mokami akamkabidhi Christina mtoto, akavuka uwanja kwenda shuleni. Vincent alikuwa ubaoni. Alipomwona mkewe mlangoni na glovu mikononi, hakuuliza kuna nini. Hilo ndilo lililomuuma kwanza.

"Andiko langu la utafiti wa meno ya plastiki ulilichapa wewe," Mokami alisema. "Kila ukurasa. Ukasema nimeeleza mpaka mtu wa Kigoma ameelewa."

"Mama alikuja mwenyewe, Mokami. Alisimama juani hapo ulipo, mama mkwe wangu, ananiomba. Kwenu hapa mama mkwe anamkwepa mkwe wake hata njiani! Sasa amenifuata mpaka kazini. Ningemkataliaje? Halafu niishi hapa na nani?"

"Ungenipigia simu."

"Ulikuwa na mitihani."

"Jioni nilipopiga mimi, ukaniambia mtoto mzima, anacheza!"

"Nilitaka usome kwa amani."

Amani! Kama si lile darasa la watoto waliokodoa macho, angemzaba kofi. Alivua glovu, akazitupa miguuni pake, akatoka huku machozi yanamshuka mbele za watu, wala hakuyafuta.

Tabitha alikuwa amekaa nyuma ya zahanati, Rubeni mapajani.

"Nani alimshika kichwa?"

"Mimi," Tabitha alisema. "Nisingemwachia mtu baki. Mdogo wako tulimchelewesha, siku nne tunamwangalia tu. Safari hii sikutaka kuchelewa."

"Mama! Mdogo wangu hakufa kwa kuchelewa. Aliuawa na ile spoku!"

"Ndivyo wanavyowafundisha huko," Tabitha akajibu, bila hasira kabisa.

Basi Mokami akaelewa. Miaka yote ile, kila alipoeleza, mama yake alikuwa anamwitikia kama mtu anavyomwitikia mtoto anayetaka aletewe mwezi. Kiapo kile nacho kiliitikiwa hivyohivyo.

"Naondoka naye," akasema.

Tabitha hakubisha. Alikwenda nyumbani akaleta mfuko wa nguo, akaongeza kadi ya kliniki. Mokami akamfunga mtoto mgongoni kwa kanga, na kilio kikaanza. Rubeni alijipinda, akachomoa mikono, akamnyooshea bibi yake, yuleyule aliyemshika kichwa, analia mpaka anapaliwa. Angejua nini yeye? Mama mwingine hakuwa naye.

Christina alisema taratibu, "Mokami, bweni letu la hospitali halipokei watoto. Na Jumatatu uko wodini."

Mokami alisimama pale, mguu mmoja ndani ya gari. Alitukana kwa Kikurya, tusi ambalo mtu halitamki mbele ya mama yake. Halafu akaifungua kanga, na kwa mikono yake mwenyewe akamrudisha.

Rubeni akanyamaza papo hapo, akalaza shavu begani kwa bibi yake.

"Nenda kasome, mwanangu," Tabitha alisema.