Vestina Afika Litapunga

Joséline hakuwa na cheti cha uraia. Hakuwa na kitambulisho cha taifa, wala laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake, wala akaunti ya benki. Hakuwa na baba, maana alifariki yeye angali tumboni. Hakuwa na woga pia. Akiwa na miaka kumi alimfuata mwizi wa mbuzi kwa miguu kutoka Litapunga mpaka njia ya reli, akarudi na mbuzi. Sasa alikuwa na miaka ishirini na nafasi katika chuo cha uuguzi, na chuo kilitaka afike na kitambulisho kabla ya Septemba kuisha.

Mwaka ambao wakimbizi wa Burundi waliandikishwa uraia wa Tanzania, alikuwa na miaka mitatu. Nyumbani kwao waliandikwa watu kumi na mmoja, na wote walipata vyeti. Yeye hakuandikwa. Babu yake, mzee Melkiadi, alisema siku zote kwamba karani alichoka akaruka mstari.

Jumamosi moja Joséline alikwenda sokoni Mpanda kwa Hamis, muuza madaftari aliyeazimisha pia riwaya za zamani. Hamis alimpa moja isiyo na jalada. Ilimhusu msichana aitwaye Vestina, aliyesafiri huku na huko akiwafichua wakosaji.

"Nakuambia mapema, dada," Hamis alisema. "Mkosaji wa humu anabadilika kwa kila msomaji. Kwangu alitoka kaka yangu."

"Ukafanyaje?"

"Nikafunga kitabu nikaenda kula. Ningefanyaje? Na yeye ndiye aliyepika."

Katika sura nane za kwanza Vestina alining'inia nyuma ya behewa la mizigo kutoka Tabora, akawatoroka wanaume wawili wenye mapanga, akavuka mto wenye viboko huku ameliuma daftari lake kwa meno. Katika sura ya tisa alishuka stesheni ya Mpanda, akapanda bodaboda, akamwambia dereva ampeleke Litapunga. Hapo Joséline alifunika kitabu aende kukoroga maharage. Pikipiki ikaingia uani.

Vestina alishuka. Viatu vyake vilikuwa bado na tope la mtoni. Générose, mama yake Joséline, alimletea kigoda na maji.

"Umetoka mbali?"

"Sura ya kwanza, mama."

"Pole na safari."

Alipomaliza maji, Vestina aliomba kuona bani, kile kijumba cha nyuma walichokaushia tumbaku zamani. Alipiga magoti ndani, akapima ukuta kwa kamba. Kwenye masizi kulikuwa na alama za vidole vidogo, kimo cha mtoto wa miaka mitatu. Aliandika, kisha akaenda alipokaa mzee Melkiadi akisoma gazeti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Siku karani alipokuja kuandika watu, Joséline alikuwa wapi?"

"Alikuwa mtoto mdogo."

"Sikuuliza alikuwa nani. Nauliza alikuwa wapi."

Mzee alikunja gazeti mara nne, ingawa hakuwa amelimaliza. Alisema kwamba siku hiyo haikuwa mara yake ya kwanza kuona orodha ya majina. Kule Burundi, mwaka sabini na mbili, watu walikuja na orodha. Jina la baba yake lilisomwa, baba akavaa viatu akaondoka nao. Hakurudi. Kwa hiyo karani alipokuja, yeye alitenga mmoja, kama mkulima anavyotenga mbegu. Wote wakichukuliwa, abaki mmoja wa kushika shamba. Alimchagua Joséline kwa sababu ndiye mtoto pekee asiyelia gizani. Alimpa hindi la kuchoma, akafunga mlango wa bani.

"Kisha?"

"Kisha vikaja vyeti."

"Na karani aliyeruka mstari?"

"Karani hakuwa wa hapa," alisema mzee. "Nilimpa aibu yangu aende nayo."

Vestina alifunga daftari, akashukuru kwa maji, akapanda pikipiki ileile. Alikuwa na kazi nyingine Kibaoni.

Joséline alisoma sura ya mwisho. Yote yalikuwa yamepigwa chapa, mpaka gazeti lililokunjwa mara nne. Mzee Melkiadi alikiomba kitabu, akavaa miwani, akasoma akifuatisha kidole, kama alivyofundishwa kwenye masomo ya jioni akiwa na miaka arobaini. Alisema jina la baba yake limeandikwa bila kosa. Baada ya hapo hakuinua kichwa.

"Sogokuru," Joséline alimwita, kama wajukuu wote walivyomwita kwa Kirundi, "twende ofisi ya uhamiaji mjini ukawaeleze."

"Jumatatu."

Jumatatu alivaa koti, akafika barabarani, akasimama mpaka madereva wa bodaboda wakachoka kumwita. Akarudi. Jumatatu ya pili ikawa vilevile. Ya tatu walifika Misunkumilo, yakaonekana mabati ya mjini, na mzee akamwomba dereva asimame. Alisema akikiri kwamba alificha mmoja, wataulizwa walificha nini kingine, na wale kumi na mmoja wataitwa mmoja mmoja. Joséline hakujua kama ni kweli. Jioni alimtazama mama yake.

"Mwanangu," Générose alisema, akitazama sufuria, "unajua tulikotoka."

Wiki ile hakuna mtu nyumbani aliyemwita Joséline bila kukohoa kwanza.

Alirudisha kitabu sokoni.

"Nani?" Hamis aliuliza.

"Babu."

"Heri yako. Bado yupo umuulize. Wangu hayupo tena."

Alikipangusa vumbi, akampa mwanamke mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake.

Siku tatu kabla ya Septemba kuisha, Joséline alikiandikia chuo kwamba anaiacha nafasi yake kwa sababu za kifamilia. Mzee Melkiadi aliomba aione barua kabla haijafungwa. Aliisoma mara mbili.

"Hapa weka mkato," alisema. "Na mwanzoni andika 'napenda kukujulisha'. Ndiyo adabu."

"Kingine, Sogokuru?"

"Basi. Umeandika vizuri."

Joséline aliweka mkato. Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka, kwa hiyo mzee alimega ugali kidogo kwenye sahani, akaupaka ukingoni, akaubana kwa dole gumba mpaka ukashika. Kisha alivaa koti, ingawa ilikuwa Jumatano, akapanda pikipiki mpaka mjini bila kusimama popote. Alipita mbele ya ofisi ya uhamiaji, mlango ukiwa wazi na foleni ikiwa fupi, akaenda posta, akaitumbukiza barua sandukuni.