Pikapu Isiyouzwa

Kila mgeni aliyepita barabara ya kokoto mbele ya shamba la Dwight alisimamisha gari, akagonga mlango na kuuliza, "Ile pikapu inauzwa?" Na kila mara Dwight alitanua kifua akatoa jibu alilorithi kwa baba yake pamoja na pikapu yenyewe: "Haiuzwi, bwana. Nataka kuitengeneza."

Baba yake naye alitaka kuitengeneza. Akaitaka mpaka akazikwa.

Rhonda, mkewe, hakuwahi kuona spana ikiigusa. Alichoona ni mti uliochipua kwenye bodi ya nyuma ukalipita paa la dereva, na ukoo mzima wa panya uliolelewa ndani ya kiti. Ukifunga mlango wake kwa nguvu, kutu inakumwagikia miguuni kama pilipili ya unga. Haya yote angeyavumilia, lau Dwight asingeamka Jumamosi moja ya Oktoba akatangaza kwamba baridi ikianza, pikapu inaingia bandani ikatengenezwe.

Banda hilo Rhonda alikwisha kuahidiwa. Alikuwa amemaliza masomo ya jioni ya kutengeneza nywele, cheti kinaning'inia jikoni, na kiti cha saluni kimesimama chumbani kwa mtoto, ambaye alikipanda kama farasi.

"Saluni inaweza kungoja kidogo, mpenzi," Dwight alisema.

"Na pikapu haiwezi? Mbona imengoja tangu hujaota meno?"

"Basi tuwaite wanaojua magari. Wakisema haifai, naipeleka mwenyewe kwenye vyuma chakavu."

"Na wakisema inafaa?"

Dwight akamgeukia mtoto, akaanza kumtekenya.

Hapo Rhonda alijua ameingizwa mtegoni. Wanaume wa kule Nebraska watakwambia machoni kwamba mahindi yako yamedumaa, mchungaji wako analaza watu, na kahawa ya mkeo ni maji ya kuoshea vyombo. Lakini kumwambia mtu pikapu yake imekufa? Heri umtukanie mama.

Wakaja watatu: Virgil, baba mdogo wa Dwight; Lyle, kaka yake; na jirani yao Clayton. Wakaizunguka, mikono mifukoni, vichwa vimeinama, kama watu waliofika kwenye maziko wakakuta marehemu hajaambiwa. Virgil akaipiga tairi teke. Tairi ikapasuka.

"Kutu ya juujuu tu hii," akasema.

Lyle akafungua boneti. Ikatoka yote, ikabaki mikononi mwake. "Siku hizi hawaundi vyuma kama hivi," akasema, ameikumbatia.

"Mifupa yake mizima kabisa," Clayton alisema kutoka ndani, mguu mmoja umetoboa sakafu na kukanyaga nyasi.

Dwight alitabasamu kama bwana harusi. Rhonda akampakata mtoto, akasogea.

"Jamani, mmenigusa. Kitu kizuri namna hii kuozea kwetu ni dhambi. Baba mdogo, ichukue. Bure."

Virgil akashika kiuno. "Ningeichukua, mwanangu, ila huu mgongo..."

"Lyle?"

"Shemeji, ningeondoka nayo leo hii. Ila mke wangu ataniua."

"Kumbe yeye ana ruhusa ya kuua, mimi sina? Na wewe, Clayton?"

Clayton akakumbuka ng'ombe wake. Wote wakaondoka bila kumaliza pai ya tufaha aliyowaandalia Rhonda, jambo ambalo halikuwahi kutokea nyumbani hapo.

Dwight akaketi kwenye ngazi. "Hata bure hawaitaki," akasema, kwa sauti ndogo kama ya mwanawe. "Baba alikuwa ananiweka mapajani, ananiachia usukani."

Rhonda akaketi naye, akampa mtoto ampakate. "Usukani ung'oe, ubaki nao. Hayo mengine yaende."

Wakakubaliana: atakayeuliza kwanza, apewe.

Aliyeuliza kwanza alikuja Jumapili. "Chukua bure," Dwight alimwambia. Mtu yule akarudi nyuma hatua mbili. "Bure? Ina nini?" Akaingia garini mwake akatoweka.

Wa pili alipogonga, Dwight alikuwa malishoni. Rhonda akafungua, mtoto kiunoni. Mgeni alikuwa na trela yenye jiko la chuma la kuni, zima, na macho yake yameshaganda kwenye pikapu. Rhonda aliyajua macho hayo. Alilala nayo kila usiku. Akatanua kifua.

"Haiuzwi, bwana. Mume wangu anataka kuitengeneza."

Mgeni akasihi. Rhonda akatikisa kichwa. Mgeni akasihi zaidi, akaivua kofia, akasema hata jiko lile atawaachia. Rhonda akashusha pumzi kama mtu anayeozesha binti.

Dwight aliporudi alilikuta jiko uani. Akalitazama, akamtazama mkewe, kisha akachukua shoka akaukata ule mti.

"Utaitengeneza kweli?" akamuuliza mgeni walipokwisha kuipandisha kwenye trela.

"Baridi hii hii! Mimi nina banda."

Rhonda akakimbilia jikoni, akarudi na pai nzima iliyofunikwa kitambaa, akamwekea kwenye kiti cha mbele cha gari lake.

"Hii ya mkeo. Mwambie nafungua saluni wiki ijayo, na nywele zake nitazitengeneza bure," akasema. "Aje siku yoyote atakayojisikia kulia."