Neno Alilobakiwa Nalo Thabo

Kiharusi kilipompata mume wangu Thabo, kilimpokonya Kisotho, Kizulu na Kiingereza chake chote cha ofisini. Kikamwachia neno moja la Kiswahili: pumbavu. Alilifundishwa na waashi wa Morogoro alipokuwa kwetu kama mkimbizi wa siasa kutoka Afrika Kusini, na ndilo alilonitukania siku nilipomkanyaga mguu kwenye foleni ya maji. Nilimjibu kwa makubwa zaidi. Uchumba wetu ulianzia hapo, msinicheke.

Daktari alituambia hutokea hivyo, maneno yote yakapotea na tusi likabaki. Mwanzoni nililia sana. Baadaye nikaanza kusikiliza. Pumbavu la chai iliyopoa ni fupi na kali. La mpira kwenye televisheni majirani wote wa hapa Randburg, Johannesburg, wanalijua. Lakini kuna moja analolisema akizinduka usingizini, la taratibu, mwisho wake likipanda kidogo. Anauliza kama nipo. Namjibu, "Nipo, mzee wangu," naye analala tena.

Kwa ndugu zake halikuwa na shida, maana Kiswahili hawakijui. Mdogo wake Jeremia anadhani ni salamu ya heshima na humwitikia, "Pumbavu, abuti," yaani kaka. Sijamsahihisha na wala sitamsahihisha.

Balaa aliileta Lerato, binti yetu. Johannesburg yote hii imejaa wanaume, yeye akamchagua Cédric wa Lubumbashi, ambaye ukoo wake mzima unaongea Kiswahili! Mama yake, Mama Victoire, ana saluni Joubert Park na ni kiongozi wa maombi kanisani kwao. Mbele yake hata mimi huchagua maneno.

Siku ya kumchukua bibi harusi ikafika. Kwetu binti hatoki nyumbani kabla baba hajamwekea mkono kichwani na kumbariki kwa sauti, watu wote wakisikia. Nilishapanga Jeremia abariki, Thabo akae chumbani.

"Eish, Mama, hapana," Lerato alisema, gauni limeshavaliwa. "Baba yuko hai. Kwa nini nibarikiwe na anko?"

"Atakutukana mbele ya wakwe zako, mwanangu. Hawa wanaelewa!"

"Basi anitukane. Bila yeye sitoki."

Mtoto wa nyoka ni nyoka. Ukaidi huo ni wangu mwenyewe. Nikamtoa Thabo chumbani, nikamfunga tai, nikamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka sebuleni. Wakwe walikuwa wamejaa kwenye makochi, Mama Victoire katikati na kitenge chake kipya.

Lerato akapiga magoti. Thabo akamwangalia kwa muda mrefu, akainua mkono wake mzima, akauweka juu ya shela.

"Pumbavu," akasema.

Shangazi mmoja wa Cédric akashtuka, akashika mdomo. Nikatamani ardhi ipasuke. Thabo hakumwona mtu. Aliendelea, pumbavu, pumbavu, kwa sauti ya chini, akipumzika pale ambapo mtu hupumzika akitaja majina ya wazee waliotangulia, akipandisha pale anapoomba watoto na afya. Machozi yalikuwa yanamdondoka mpaka kwenye tai. Nilijua kila alichokuwa anasema, lakini ningewaelezaje wageni?

Mama Victoire akasimama. Nikajua wanaondoka.

"Mufunge macho," akawaambia watu wake. "Papa eko anaomba."

Wakainamisha vichwa, wote, hata yule shangazi. Thabo akamaliza, sauti ikipanda kidogo mwishoni, kama anavyofanya usiku. Lerato akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili.

"Nipo, Baba," akasema. "Amina."