Barua Iliyofupishiwa Njia

Yaqdhan alimtambua Saeed kwenye matanga ya mtu wa Khuwair ya Kusini, mtaa wa Maskati. Miaka thelathini na sita ilikuwa imepita tangu waandikiane. Saeed akampa mkono kama apewavyo mgeni, akauliza khabari za afya, kisha akenda kukaa upande wa pili wa baraza.

Walisoma darasa moja Maskati, watoto wa familia mbili zilizotoka Unguja mwaka mmoja. Halafu Yaqdhan akapelekwa Uskochi kusomea kompyuta, Saeed Marekani kusomea uhandisi. Vyuo vyao vilikuwa na kompyuta zilizopigiana simu na kupokezana barua, moja ikiipa ya pili mpaka ya mwisho. Hapakuwa na anwani kama za leo. Mwandikaji mwenyewe alitaja njia nzima: jina la kila kompyuta itakayopitiwa, na baina ya majina alama ya mshangao. Kila kompyuta iliyoipokea barua iliongeza jina lake kwenye anwani ya mtumaji, kwa hivyo barua ilipofika ilikuwa imebeba njia ya kurudia.

Mwezi wa Machi 1989 Saeed aliandika kwamba amefukuzwa chuo, hana chumba, na hathubutu kurudi kwa babake. Aliuliza kama anaweza kwenda Uskochi. Jibu alilitaka ndani ya siku kumi, maana baada ya hapo wangemfungia kompyuta.

Yaqdhan alijibu siku ileile. Njia ya kurudia ilikuwa na kompyuta tisa, na yeye, aliyejigamba kwa wenzake kwamba ramani ya mitambo yote ameihifadhi, akaiona ndefu mno. Akaifuta, akaandika ya kwake yenye kompyuta nne. Hakujua kwamba mitambo miwili ilikuwa na jina moja, na barua ikashika njia ya ule mwengine. Siku kumi na saba baadaye mtu asiyemjua akamwandikia kwa upole kuwa kwao hakuna Saeed. Yaqdhan aliituma tena, safari hii kwa njia ndefu. Ikarudishwa: mtu huyu hayupo.

Angeweza kumtafuta kupitia kwa wazee wa Saeed. Mwanzo alizuiwa na haya, baadaye akaona muda umeshapita. Alirudi Maskati, akafanya kazi serikalini mpaka akastaafu. Mkewe akafariki, wanawe wakahama. Nyumba yake ya Mabela, pembeni mwa Maskati, ilikuwa mpya na kubwa, na redio aliiwasha tangu asubuhi ili kuwe na sauti ya mtu.

Siku ile ya matanga, baada ya sala ya Alasiri, alimfuata Saeed nje, penye kivuli cha ukuta, akamweleza yote. Hata ule ujuaji wake wa ramani hakuuficha.

Saeed akauliza, "Uliandika nini?"

"Nlikwambia njoo. Chumba changu kidogo, lakini njoo."

"Mie nlijua umekataa. Nlilala kwenye chumba cha kufulia nguo siku kumi, kila asubuhi nakwenda kuitazama ile kompyuta. Kisha nkaenda zangu Kanada. Maisha yangu yote, Yaqdhan, nimeyajenga juu ya jibu lako. Na kumbe jibu lenyewe silo."

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Nshakusamehe zamani," alisema Saeed. "Lakini nlikusamehe kosa jengine."

Siku ya pili Saeed alikwenda Mabela kula chakula cha mchana. Walizungumza juu ya walimu waliokwishakufa, na magoti yao, na wajukuu. Kila mmoja alikuwa akingoja kitu kirudi, na hakikurudi. Walikuwa wazee wawili wenye adabu. Mlangoni Saeed alimshika bega, akachelewa kuliachia, akasema ndege yake ya kurudi Kanada ni Jumatatu.

Alipofika kwake alituma ujumbe kwamba amefika salama, na kuna theluji. Yaqdhan akajibu papo hapo, maneno mengi, marefu kuliko aliyowahi kumwandikia mtu tangu ujana. Aliona kwamba yamesomwa. Siku nne zikapita.

"Alhamdulillahi," Saeed akaandika. "Nimesoma. Ntakuandikia."

Wiki zikaenda bila ya neno. Yaqdhan hakumlaumu. Kila Ijumaa, akishatoka msikitini, alikaa akamwandikia juu ya joto la Mabela na juu ya jirani anayejenga ghorofa ya pili, akatuma, akangoja kidogo, kisha akenda kulala.